Sura ya Tano: Ulimi wa Joséphine-Marie

Mwizi hakunji. Hilo Koplo Floribert alilijua tangu siku zake za upolisi kule Walikale, na ndilo lililomfanya asimame chini ya kengele muda mrefu, shingo imepinda, hata Padri Remi akachoka kumngoja.

Ndani ya kengele ukanda wa ngozi ulikuwa bado unaning'inia kwenye pete yake. Fundo halikukatwa. Lilifunguliwa polepole, na ukanda ukakunjwa vizuri, kama shuka ya mgeni aliyeamka akaenda zake. Ila ulimi, kile chuma kizito kinachogonga, haukuwepo.

"Joséphine-Marie ameibiwa ulimi," Padri alisema. "Leo, Ijumaa Kuu. Na kesho asubuhi kwenye wimbo wa Gloria vilima vyote vinamungoja alie."

Joséphine-Marie ndilo jina la kengele. Alibatizwa mwaka ule wa hamsini na tatu, kwa maji, chumvi na mafuta matakatifu, na akapewa wazazi wa ubatizo kama Mkristo mwingine. Alikuja kwa mtumbwi mkubwa wa injini mpaka Shasha, kando ya ziwa, na pale, wakati wa kumshusha, ulimi wake wa Ulaya ukatumbukia ziwani. Vijana wa vilima vyote wakambeba bila ulimi, kutoka Shasha mpaka hapa juu ya Kalembe, wakiimba kwa lugha tatu na kugombana kwa lugha nne. Papa Bwira, mhunzi wa wakulima, akamfulia ulimi mpya. Papa Makuza, mwenye ng'ombe wengi kule juu, akatoa ngozi ya ukanda. Watu wa msitu wa Walikale wakasuka kamba ya kekele, mtambaa mgumu wa msituni. Na siku ya kwanza alipolia, kuku wote wa Kalembe walitaga kwa pamoja. Jogoo mmoja naye alijaribu.

"Mara ya mwisho alilia lini?" Floribert aliuliza.

"Jana, Alhamisi Kuu, kwenye Gloria. Baada ya hapo kengele inanyamaza mpaka Gloria ya Jumamosi. Tunagonga kibao tu. Leo asubuhi nilipanda kuangalia kamba, nikakuta kinywa kitupu."

"Nani anajua?"

"Wote. Nilipiga kelele."

Floribert aliuvuta ukanda mpaka puani. Alikuwa mtu wa msitu, na pua yake ilikuwa na sifa. Walisema aliwahi kumfuata mwizi wa mbuzi kutoka Walikale mpaka Masisi katikati ya mvua, akamkuta mbuzi amekwisha kuliwa, na akataja mpaka chumvi ilitiwa kiasi gani. Alinusa mara moja, akanusa tena, akauacha ukanda bila kusema.

"Mon Père, unamufikiria nani?"

Padri alitazama chini. "Bwira. Siku ya ubatizo wa kengele nilimushukuru Makuza kwa ngozi, nikashukuru watu wa msitu kwa kamba, nikashukuru hata miti ya mnara. Yeye nikamusahau. Alikasirika, watu wote waliona. Na kesho nilikuwa nimubatize, mzee yule, baada ya katekismu ya miaka na miaka. Kama ulimi haukurudi, simubatizi. Mutoto wake Straton anaacha ukatekista, na mimi naita polisi kutoka Masisi."

"Mpaka kesho asubuhi, sawa?"

"Mpaka Gloria."

*

Kiwanda cha Bwira kilikuwa baridi. Hakuna mhunzi anayepiga nyundo siku aliyopigiliwa Bwana misumari. Lakini uwanja ulijaa wakulima, wamesimama mikono nyuma, kama watu waliokuja msibani wakakuta maiti haijafika. Straton, katekista, alikuwa amekaa mlangoni. Baba yake alikuwa ameketi juu ya fuawe yake, kama kawaida yake.

"Papa Bwira," Floribert alisema, "nimekuja kunusa."

"Nusa tu. Mavi ya mbuzi iko nyuma ya nyumba."

Floribert hakucheka. Alikwenda kwenye kile chungu kidogo cha mafuta ya kupaka chuma, akainama. Mawese, mekundu.

"Chuma yako yote unaipakaka mawese?"

"Tangu babu. Mawese ya kwenu Walikale. Njo kitu moja tu ya muzuri inatokaka kule."

Wakulima wakacheka kidogo, wakakumbuka ni Ijumaa Kuu, wakaacha.

"Siku ya ubatizo wa kengele ulikasirika."

"Nilikasirika sana. Unataka niseme bongo, nidanganye siku Bwana anakufa?" Bwira alinyosha mikono yake miwili, myeusi, yenye makovu ya cheche. "Ile chuma nilichoma, nikapiga, nikaipeleka kusikiliza sauti, nikaona haisemi muzuri, nikarudisha mu moto. Padri akashukuru hata miti. Lakini sikia, Koplo. Muntu amezaa mutoto, bamesahau kumushukuru. Atamukata mutoto ulimi?"

Floribert akamgeukia Straton.

"Weye njo unapigaka kengele. Ulimuacha namna gani jana?"

"Muzima. Nilipiga Gloria mpaka mikono ikauma. Kisha Padri akatuita, miye na Mama Mukasine, bibi ya Papa Makuza, sababu siye njo wazazi ya ubatizo ya kengele. Akasema: sasa mutoto wenu anaingia mu kilio pamoja na Kanisa. Mumuangalie, asiseme neno mpaka Gloria ya Jumamosi."

"Na ukafanya nini?"

"Nikafunga kamba juu, batoto basiivute."

"Na Mama Mukasine?"

"Alipiga magoti, akasikia, akaenda kwake."

Mkulima mmoja wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha, "Juu ya nini kila mara banakuja kuulizia kwetu? Kule kwa benye ng'ombe hakuna njia?"

"Njia iko," Floribert alisema. "Na miguu niko nayo."

Emérita, mke wa Straton, alitoka ndani na kitambaa cheupe mikononi, kimepigwa pasi mpaka kinakata. Kilikuwa cha ubatizo wa baba mkwe wake. Alikishika mbali na mwili wake, mtu asikichafue.

"Koplo, kuna yule mama wa Shasha muuza samaki, Dorothée. Amelala hapa misioni, asubuhi akaondoka njia ya Omate. Kikapu yake ilikuwa nzito sana. Na kule Omate, benye kuchimba banatafuta chuma sawa vile batoto banatafuta sukari."

Wakulima wote wakageuka upande wa Omate. Hata Floribert alichukua fimbo yake.

Bwira akamwita kabla hajapita mlango.

"Na umwambie Padri neno moja. Hata kama anataka kunibatiza kwa huruma, siingii mu maji. Nitaingia wakati chuma yangu imesema."

*

Dorothée alikuwa ameketi kando ya kijito, miguu majini, kikapu pembeni. Alipoona kofia nyekundu ya zamani ya polisi inateremka, alichukua muda kukausha mguu mmoja, kisha wa pili.

"Fungua kikapu, mama."

"Weye ni bwana yangu?"

"Hapana, Mungu anisaidie."

"Basi omba muzuri."

Aliomba vizuri. Dorothée akafunua majani. Juu palikuwa na samaki wakavu. Chini ya samaki, kitu cheusi, cha chuma, kizito. Floribert alikitoa kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa pasi ya makaa.

"Hii njo ulimi ya kengele?" Dorothée aliuliza kwa upole. "Ona kwanza mu tumbo, pengine Padri iko ndani. Nilimukopesha Emérita apige kitambaa ya ubatizo. Amenirudishia na majivu yake. Hakukuambia?"

"Samahani, mama. Ila na weye, ile ziwa yenu ya Shasha njo ilimeza ulimi wa kwanza."

"Ziwa yetu inakulaka chuma ya Ulaya tu. Ile ya Bwira ingeivunja meno."

Floribert akarudisha pasi chini ya samaki, na kwa heshima. Alikuwa amekwisha kugeuka aende, akauliza tu, kama mtu anayetafuta kiberiti, "Asubuhi wakati unaondoka misioni, ulipishana na nani?"

"Na mbuzi. Na katekista anapiga miayo. Na bibi moja wa kule juu, kwa benye ng'ombe, na ndoo ya kukamulia ku kichwa."

"Alikuwa anapandisha maziwa kwa Padri."

"Njo nakwambia, hapana. Maziwa inapandaka ku kanisa, haishukaka. Yeye alikuwa anashuka kutoka kanisa. Na leo banafunga, nani anakunywa maziwa?" Dorothée aliweka kikapu chake kichwani, akanyoosha shingo. "Miye nimebeba tangu utoto. Ndoo ya tupu, shingo inacheza. Yake ilikuwa imesimama hivi. Ile ndoo ilikuwa na kitu."

"Ulimuona uso?"

"Alijifunika. Nilimusalimia, hakuitika. Nikasema, benye ng'ombe bana majivuno hata ku Ijumaa Kuu."

Akaenda zake na samaki wake. Floribert akakaa pale pale alipokuwa amekaa mama yule, akajinusa vidole. Harufu ya ukanda ilikuwa bado haijatoka. Haikuwa mawese. Ilikuwa siagi, na ilikuwa mbichi.

Sasa alikuwa na jambo baya mkononi. Asubuhi kilima kizima kilimhukumu mkulima. Akifungua mdomo kuhusu siagi, jioni kilima kingine kitahukumiwa, na kesho watu watakuja kwenye Gloria na mapanga.

Akafunga mdomo, akaanza kupanda.

*

Kule juu majani ni mafupi na upepo ni mrefu. Ng'ombe wa Makuza walikuwa wanarudi zizini, pembe zao zinapishana kama watu wenye mikuki kwenye mlango mwembamba. Mbele alitembea ng'ombe mkubwa mweupe, na shingoni alikuwa na kengele ya chuma. Floribert alisimama kumpisha. Ng'ombe akapita karibu kabisa, kichwa kinayumba, kengele inayumba. Haikutoa sauti.

Floribert alimtazama mpaka akaingia.

Papa Makuza alikuwa ameegemea fimbo yake kwenye kiingilio cha boma. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua, watu walisema, ilimfikia yeye kwanza.

"Koplo wa msitu. Leo ni siku ya kufunga. Hatukupi maziwa."

"Sikuja kunywa, Papa Makuza."

"Basi umekuja kutafuta mwizi kwetu."

"Nimekuja kutafuta siagi. Ukanda wa kengele umepakwa."

"Ile ngozi niliitoa miye. Ngozi ya ng'ombe isiponuka siagi, inuke nini? Samaki?"

"Siagi ya zamani inachachuka. Hii ni ya jana, ao ya leo asubuhi."

Makuza alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Nikuambie neno, Koplo. Makuza akitaka chuma, anatoa ng'ombe, anapata chuma. Haibi. Na kama bakulima banasema naiba, bapande hapa, banitazame ku macho."

"Hawajasema. Wanaojua habari ya siagi ni hawa wangu wawili tu." Floribert alionyesha vidole vyake. "Na hawana mudomo. Niruhusu nisalimie nyumba."

Makuza alifikiri, akasogeza fimbo.

Kwenye ua, juu ya mkeka, aliketi Mama Mukasine, kitambaa kimefunika kichwa na nusu ya uso. Pembeni Daphrose, mke wa mwanawe, alikuwa anafukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa majani.

"Mama Mukasine, amani ikae kwenu."

Mukasine aliinamisha kichwa. Midomo yake haikufunguka.

"Mama anaumwa?"

"Haumwi," Daphrose alijibu. "Iko mu kilio. Muntu wa kilio haitikake salamu."

Floribert alivua kofia yake. "Pole sana. Sikusikia. Nani amekufa?"

Daphrose aliacha majani yake. Alimtazama Koplo kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi wakati mvua inanyesha.

"Unauliza nani amekufa? Leo, Ijumaa Kuu?"

Moshi ukapita katikati yao.

"Mu nyumba hii," Daphrose aliendelea, "mukubwa akifa, ng'ombe ya mbele inatolewa ulimi ya kengele yake. Mama ya nyumba anautoa kwa mikono yake, anaufukiza, anaupaka siagi, anaulaza pahali pa heshima. Naye mwenyewe hasemi tena. Siku kilio kinaisha, anaurudisha, njo anafungua mudomo. Mukono mwingine ukiugusa mbele ya wake kuushika tena, kilio kinarudia ku mwanzo, na nyumba imepata haya."

"Na ulimi ya ng'ombe mweupe iko wapi?"

Daphrose alionyesha kikapu kidogo kilichoning'inia ukutani. Lakini Floribert hakuwa anatazama kikapu. Karibu na goti la Mukasine palikuwa na ndoo ya mti ya kukamulia, pana, imefunikwa kitambaa cheupe chenye msalaba wa uzi mwekundu. Kile kitambaa alikijua. Ndicho Mukasine alichokishika mbele ya watu wote siku Joséphine-Marie alipobatizwa.

Makuza naye alikitambua. Aligeuka polepole akamtazama mke wake, na kwa mara ya kwanza, wale waliomfahamu wangesema, alionekana mfupi.

"Padri alikuambia umuangalie mutoto asiseme," Floribert alisema taratibu, "na weye ukamuangalia sawa vile munaangaliaka kwenu."

Mukasine aliinamisha kichwa.

"Mama, kuna kitu haukusikia. Kule chini bantu banasema Papa Bwira njo aliiba. Kesho hawambatizi. Kisha polisi itakuja kumukamata."

Kitambaa kikateleza kwenye uso wa Mukasine. Alifungua kinywa. Daphrose alimshika mkono, na kinywa kikafungwa tena, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. Akaweka kiganja juu ya ndoo. Kisha akainua kidole, akakielekeza mashariki, pale jua la kesho lingetokea, na akakiteremsha polepole mpaka kikaelekea kanisani.

Ndoo ilikuwa hatua moja tu kutoka mkono wa Koplo. Angeinua kitambaa, angekuwa na ulimi kabla jua halijazama, na Bwira angekuwa huru. Na mama huyu angebaki na kilio kisichokwisha na haya ya nyumba nzima, kwa kosa la kumsikiliza Padri kuliko Wakristo wote.

Floribert alirudisha kofia kichwani.

"Nitawaambia utakuja," alisema.

Makuza alimsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu wa msitu hata siku moja. Walipoachana, mzee alimpa mkono.

*

"Umeupata?" Padri Remi aliuliza. Alikuwa bado na kanzu nyeusi ya Njia ya Msalaba, na magoti yake yalikuwa na vumbi.

"Nimeupata."

"Uko wapi?"

"Kwenye kilio."

"Koplo, nimefunga tangu jana. Sema vizuri."

"Ulisema mutoto aingie mu kilio, Mon Père. Ameingia kweli. Atatoka kwa Gloria."

"Jina la mwizi."

"Hakuna mwizi. Na jina sikupi leo, sababu utapanda kule na viatu vyako, utaharibu. Kesho Gloria ikiimbwa na kengele ikinyamaza, polisi wa Masisi banifunge miye. Kofia hii nilivaa miaka mingi, bananijua."

Padri alimtazama sana. "Na Bwira? Ubatizo unatangulia Gloria. Ndivyo Kanisa linavyofanya."

"Bwira hataki maji mpaka chuma yake iseme. Basi maji ya Kanisa yamungoje kidogo. Yeye ameyangoja miaka yote ile."

*

Asubuhi ya Jumamosi Kuu, maana siku zile Gloria ya Pasaka iliimbwa asubuhi hiyo, kanisa lilijaa mpaka nyasi za nje zikalala. Wakulima walikaa upande wa kushoto, wenye ng'ombe upande wa kulia, na watu wa msitu nyuma mlangoni, kwa sababu ndio waliofika wa mwisho na ndio wenye sauti. Kati ya kushoto na kulia njia ilikuwa pana kuliko siku nyingine. Mtu angepitisha ng'ombe.

Mshumaa wa Pasaka uliwashwa, unabii ukasomwa, maji yakabarikiwa. Wakatekumeni, wale waliongoja ubatizo, wakapita mmoja mmoja. Zamu ya Bwira ilipofika, mzee alisimama pale pale na kitambaa chake cheupe kilichonyooka, akakunja mikono, akatikisa kichwa. Padri alipita bila kumlazimisha. Upande wa kushoto watu wakanong'ona. Upande wa kulia wakatazama miguu yao.

Litania ya Watakatifu ikaanza. *Utuombee. Utuombee.* Floribert alikuwa amekaa karibu na mlango, na yeye ndiye aliyenusa kwanza, kabla ya kuona. Moshi wa majani, na siagi.

Mama Mukasine aliingia na ndoo ya kukamulia kichwani, shingo imesimama. Daphrose alimfuata, na nyuma yao Makuza, ameinama kidogo mlangoni ili fremu isimgonge. Mukasine alipita ile njia pana kati ya kushoto na kulia. Watu wa msitu waliendelea kuitikia watakatifu. Wengine wote walikwisha kusahau.

Hakwenda altareni. Alisimama mbele ya Bwira, akashusha ndoo, akafunua kitambaa.

Ulimi ulilala kwenye majani mabichi kama mtoto aliyeogeshwa. Ulikuwa umesuguliwa, umefukizwa, umepakwa siagi, kila alama ya nyundo inaonekana. Bwira aliutazama. Alitazama kitambaa cha ubatizo, akatazama kile kinywa kilichofungwa cha mama yule, na mhunzi si mtu wa kuelezwa mara mbili kitu kinachotunzwa. Akapiga goti. Mukasine akashika ncha moja kwanza, kama desturi yake ilivyotaka. Bwira akashika ncha nyingine.

Wakatoka hivyo, wawili, na chuma katikati yao.

Straton alikuwa amekwisha kupanda ngazi. Nje kukasikika miti ya mnara inalia chini ya miguu. Padri alikuwa amefika kwenye Kyrie, wimbo wa kuomba huruma kabla ya Gloria, na akaiimba, akairudia, akaivuta. Walioisikia wanasema ndiyo Kyrie ndefu kuliko zote zilizowahi kuimbwa kati ya Masisi na Walikale, na kwamba mtoto mmoja aliota jino kabla haijaisha. Macho ya Padri yalikuwa juu ya Floribert, pale mlangoni. Floribert alikuwa anatazama nje. Hatimaye akainua kofia kumwashiria.

"*Gloria in excelsis Deo.*"

Na Joséphine-Marie akasema.

Alisema kwa sauti ambayo hata Bwira hakuwa ameisikia siku ya kwanza, nzito, safi, isiyo na mkwaruzo. Ilipita juu ya migomba ya wakulima, ikapanda kwenye majani ya ng'ombe, ikateremka msituni. Wachimbaji wa Omate wanaapa waliisikia, wakaweka sururu chini. Omate ni mbali. Lakini waliapa, na ilikuwa Pasaka.

Kanisa lilikuwa wima lote. Ile njia pana ya katikati haikuonekana tena. Watu walikuwa wameisimamia wakitaka kuchungulia mlango.

Mukasine alirudi, Bwira nyuma yake, mikono yao inang'aa siagi. Alisimama mbele ya Padri. Kilio kilikuwa kimekwisha, na neno lake la kwanza lilitoka taratibu, kama maji ya kwanza kwenye mfereji uliokauka.

"Padri, ulituambia Bwana amekufa. Siye tulikusadiki."

Padri Remi akageukia watu, na mkono wake ukamtafuta Bwira.

"Ulimi huu ulifuliwa na Papa Bwira," alisema. "Nilisahau kumshukuru mbele yenu. Jana nikamwita mwizi. Papa Bwira, asante kwa ulimi. Na unisamehe."

Bwira alikuwa bado anasikiliza, kichwa upande mmoja. "Inalia muzuri kuliko mbele," alisema.

"Ni siagi," Mukasine alimwambia. "Mawese yako ilikuwa inaikohoza."

Upande wa kushoto ndio ulioanza kucheka. Makuza alicheka mwisho, lakini alicheka kwa muda mrefu.

Basi Bwira akaenda kwenye maji, kwa miguu yake, kitambaa cheupe kina alama mbili za vidole vya siagi ambazo Emérita hakuzitoa kamwe. Padri akauliza jina. Miaka yote Bwira alikuwa anajifunza kuitwa Petro.

"Joseph-Marie," mzee alisema. "Mutoto wangu mu mnara iko nalo, na linasikilika."

"Na nani anasimama naye?"

Straton, aliyeshuka mnarani, alipiga hatua, lakini alikuwa amechelewa. Mukasine alikwisha kuweka kiganja chake begani kwa mhunzi.

"Miye," alisema. "Yule wa kwanza nilimuangalia muzuri. Huyu naye nitamuangalia."